Gosse, aliyeingiza bahari sebuleni

Jumamosi nimeshinda nikiunga mabomba ya plastiki, koki na pampu nyuma ya tangi la kioo, ili maji ya chumvi yazunguke sebuleni mwangu. Nikamkumbuka Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1810.

Hakuwa msomi wa chuo kikuu. Akiwa na miaka 17 alivuka hadi Newfoundland kuwa karani, na wadudu wa huko ndio waliomfunza kutazama. Mwaka wa 1852 alihamia pwani ya Devon, akawa anafuga viumbe vya bahari ndani ya vyombo vya kioo. Pampu hakuwa nayo. Alipanda mwani utoe hewa. Kitabu chake, The Aquarium, kilitoka mwaka wa 1854 kikanunuliwa kama njugu. Kwa wanaoishi mbali na bahari alichanganya chumvi za aina nne kwenye maji baridi, akapata maji ambamo viumbe viliishi. Chumvi ya pakiti ninayotumia mimi ni mjukuu wa hesabu hiyo.

Lakini wasomaji wake walishuka ufukweni na patasi na ndoo, wakang'oa anemoni hadi miamba ikabaki mitupu. Mwanawe, Edmund, aliandika mwaka wa 1907 jinsi jambo hilo lilivyomuumiza babake. Mzee alifariki mwaka wa 1888.

Kuna kijana aliyeniahidi matumbawe hai kutoka mwambani. Nimempigia simu asilete. Pampu inanguruma, maji yanazunguka, na tangi bado ni tupu.