Andrew Taylor Still: Mtoto wa mhubiri aliyeifanya tiba ya viungo kuwa somo la darasani

KILA soko la mpakani lina mtu anayejulikana kwa kukanda viungo. Mchuuzi akianza kuchechemea kwa maumivu ya nyonga, watu hawamuulizi kama amefika hospitali. Wanamwelekeza kwa mkandaji, naye anakwenda.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimekulia katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, ambako zahanati ilikuwa mbali na bibi wa kukanda alikuwa jirani. Lakini tangu nirejee nyumbani na kuanza kufundisha sayansi, nimekuwa nikijiuliza swali moja: mkono wa mkandaji unaweza nini, na wapi uwezo wake unaishia?

Jibu zuri nimelipata katika maisha ya Mmarekani mmoja, Daktari Andrew Taylor Still. Huyu ndiye mwanzilishi wa osteopathi, yaani tiba ya kushughulikia mifupa, viungo na misuli kwa kutumia mikono.

Still alizaliwa tarehe 6 Agosti 1828 katika jimbo la Virginia. Baba yake, Abram Still, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na pia tabibu, na kanisa lilimhamisha mara kwa mara. Familia ilitoka Virginia ikaenda Tennessee, kisha mwaka 1837 ikafika Missouri, eneo ambalo wakati huo lilikuwa na mapori mengi na watu wachache. Sisi tuliosoma uhamishoni tunawajua watoto wa namna hiyo: shule wanaianzia hapa, wanaiendeleza kule, na mengi wanajifunza kwa kutazama.

Akiwa na umri wa miaka kumi hivi, siku moja kichwa kilimuuma sana. Alikuwa amefunga kamba ya jembe kati ya miti miwili ili apate bembea. Akaishusha ile kamba karibu na ardhi, akaweka blanketi juu yake, akalala chali huku shingo imeegemea hapo. Alipata usingizi, na alipoamka maumivu yalikuwa yamekwisha. Baadaye sana, akiwa mtu mzima, alilitaja tukio hilo kuwa somo lake la kwanza la tiba.

Mwaka 1853 Still, wakati huo akiwa na mke wake wa kwanza, Mary Vaughan, alihamia Kansas, kwenye misheni ya Wakarusa, ambako baba yake alikuwa akiwahudumia wenyeji wa kabila la Shawnee. Huko alijifunza udaktari kwa kumfuata baba yake nyumba kwa nyumba, kama ilivyokuwa desturi ya wengi wakati ule.

Vitabu havikumtosha. Alitaka kuijua mifupa yenyewe, kwa hiyo alifukua makaburi ya wenyeji na kuchukua mifupa ili aisome. Jambo hilo halina heshima, na leo hakuna shule inayoliruhusu. Nalitaja kwa sababu ni sehemu ya ukweli wa maisha yake, na pia kwa sababu linaonyesha kilichomtofautisha na wakandaji wengi: kabla ya kumshika mgonjwa, alitaka kujua kilichomo ndani ya nyama.

Familia ya Still ilipinga utumwa waziwazi, na hilo lilikuwa jambo la hatari katika Kansas ya miaka hiyo, ambako watu waliuana kwa ajili ya suala hilo. Mwaka 1857 alichaguliwa kuingia katika bunge la eneo la Kansas upande wa waliotaka Kansas isiyo na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alijiunga na jeshi la serikali kuu.

Msiba mkubwa ulimpata mwaka 1864. Homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwake, na watoto watatu wa nyumba hiyo wakafa. Madaktari waliitwa na walifanya kila walichojua. Yeye mwenyewe alikuwa tabibu, lakini hakuweza kuwaokoa.

Tukumbuke kwamba dawa za wakati huo nyingi zilikuwa na sumu. Wagonjwa walipewa kalomeli, ambayo ina zebaki, wakapewa afyuni na pombe kali. Wengi waliharibika meno na fizi kwa zebaki, na wengine waligeuka watumwa wa afyuni. Baba aliyezika watoto watatu alianza kuuliza kama dawa hizo zilikuwa zinatibu au zinaua.

Kwa miaka kumi aliyafikiria mambo hayo. Mwenyewe aliitaja tarehe 22 Juni 1874 kuwa siku alipoitangaza imani yake mpya: kwamba mwili una uwezo wa kujiponya, na kwamba mfupa, kiungo au msuli ukikaa vibaya unabana damu na neva, na hapo ndipo ugonjwa unapoanza.

Hakupokewa. Huko Baldwin, Kansas, familia yake ilikuwa miongoni mwa waliotoa ardhi ya kujengea Chuo Kikuu cha Baker. Alipoomba nafasi ya kueleza mawazo yake katika chuo hicho, alinyimwa. Waumini walimwona kama mtu anayejifanya kuwa na uwezo wa Yesu wa kuponya kwa kugusa. Akafunga mizigo, akarudi Missouri, na mwaka 1875 akafika katika mji mdogo wa Kirksville.

Kwa miaka mingi alizunguka mji hadi mji akitibu kwa mikono. Waliomjia walikuwa hasa wale walioshindikana kwingine: wenye migongo iliyokakamaa, wenye mabega yaliyotoka, na wenye nyonga mbovu waliokuja kwa magongo. Sifa zake zilienea, watu wakawa wanamwita mtengeneza mifupa mwenye kasi ya radi.

Hapa inafaa tuitazame nyonga yenyewe. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kiungo hicho hubeba uzito wa mwili kila tunapopiga hatua, na kimezungukwa na misuli minene inayoshika kiuno, makalio na paja. Kwa hiyo mtu akisema nyonga inamuuma, bado hujajua ugonjwa uko wapi.

Maumivu yakiwa kwenye kinena, mara nyingi kiungo chenyewe ndicho chenye tatizo. Yakiwa upande wa nje, pale unapolalia ubavu, mara nyingi ni kano na misuli. Yakiwa kwenye kalio na kushuka nyuma ya mguu, huenda yametoka chini ya mgongo. Wapo pia wanaolalamikia goti, hasa watoto, kumbe ugonjwa uko nyongani.

Hilo ndilo Still alilolishikilia maisha yake yote: panapouma si lazima pawe ndipo penye chanzo. Hadi leo mtaalamu wa osteopathi akimpokea mgonjwa wa nyonga hakimbilii kubonyeza. Humuuliza kazi anayofanya na mizigo anayobeba. Humtazama anavyotembea, hupima mgongo, magoti na nyayo, na huuzungusha mguu taratibu aone unapokwama. Baada ya hapo ndipo hunyoosha misuli, hukichezesha kiungo kwa upole, na humpa mgonjwa mazoezi ya kufanya nyumbani.

Still angeweza kuifanya kazi yake kuwa siri ya ukoo, afe nayo au awarithishe wanawe peke yao. Badala yake, mwaka 1892 alifungua shule huko Kirksville, American School of Osteopathy. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kama ishirini, wanawake wakiwemo, katika zama ambazo vyuo vingi vya udaktari viliwafungia wanawake mlango. Mmoja wa walimu wa kwanza alikuwa William Smith, daktari wa Kiskoti, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha muundo wa mwili.

Kwa maoni yangu mimi mwalimu, hapo ndipo ulipo ukubwa wa mtu huyu. Watu wenye mikono mizuri walikuwepo kabla yake na wapo hata leo. Yeye alikataa kwamba ni karama tu. Alisema ni elimu, inafundishika, na anayetaka kushika mwili wa mwenzake sharti kwanza aijue mifupa yake.

Mwaka 1895 ilifunguliwa hospitali pembeni ya shule. Wagonjwa walifika kwa treni kutoka majimbo ya mbali, na Kirksville ukawa mji wa hoteli na nyumba za wageni. Mwaka 1896 jimbo la Vermont lilikuwa la kwanza kuitambua osteopathi kisheria, na Missouri likafuata mwaka 1897. Kazi hiyo ilivuka hata bahari: mwaka 1917 mwanafunzi wake wa zamani, John Martin Littlejohn, alianzisha shule ya osteopathi mjini London. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, Still alifariki dunia huko Kirksville akiwa na umri wa miaka 89.

Lakini tusimfanye malaika. Hasira yake dhidi ya dawa zenye sumu ilimfikisha mahali pa kuzikataa karibu dawa zote, na aliamini kwamba mikono ingeweza kutibu hata kuhara damu na homa. Katika hilo alikosea. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvichumvi na dawa, na mwenye malaria hawezi kupona kwa kukandwa. Mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner kuhusu vyuo vya udaktari vya Marekani ilizikosoa vikali shule za osteopathi. Baadaye shule hizo ziliingiza masomo ya dawa na upasuaji. Leo Marekani ina madaktari wa osteopathi zaidi ya laki moja, wanaoandika dawa na kupasua kama madaktari wengine. Katika nchi nyingi za Ulaya, hata hivyo, mtaalamu wa osteopathi hutumia mikono tu.

Utafiti nao umetupa kipimo. Tiba ya mikono husaidia kiasi katika maumivu ya mgongo. Kwa nyonga iliyosagika, msingi ni mazoezi, na mikono ni nyongeza. Hakuna kukanda kunakorudisha gegedu lililokwisha. Nyonga ikiharibika kabisa, kilichobaki ni kuibadilisha kwa upasuaji, njia iliyokomazwa na daktari John Charnley wa Uingereza kuanzia mwaka 1962.

Nasema haya kwa sababu nimeona. Mwanafunzi wangu mmoja alianza kuchechemea, akasema goti linauma. Familia ilimpeleka kwa mkandaji miezi kadhaa, na kila wiki goti lilikandwa. Alipofikishwa hospitali, picha ilionyesha kifua kikuu ndani ya nyonga. Alipewa dawa, akapona, lakini mguu mmoja umebaki mfupi. Yule mkandaji hakuwa mwovu. Alikuwa na mikono bila somo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaovusha mizigo Mugina, Kobero na kwingineko, mkilemewa na nyonga fanyeni hivi. Gawanyeni mzigo pande mbili, au usukumwe kwa baiskeli. Imarisheni misuli kwa kuketi na kusimama bila kujishika, mara kumi kumi, kila siku. Picha za Still za uzeeni zinamwonyesha na fimbo ndefu, nasi tusione haya kushika yetu. Ila ishikwe mkono wa upande usiouma, maana hapo ndipo inapopunguzia nyonga uzito.

Wapo wasiopaswa kukandwa kabla ya kupimwa. Ni aliyeanguka akashindwa kukanyaga, mwenye homa, anayekonda au kuumwa usiku kucha, mwenye selimundu, na mtoto yeyote anayechechemea. Hao waende hospitali kwanza.

Wengine, mkifika kwa mwenye mikono mizuri, muulizeni amejifunza kwa nani na ni wagonjwa gani huwa anawakataa na kuwatuma hospitali. Akisema hamkatai yeyote, chukueni mizigo yenu mwondoke.