Apolo Kagwa: Mtumishi wa Kasri Aliyeshika Ufalme

Mwaka wa 1902, garimoshi lililotoka Kisumu kwenda Mombasa lilipita Voi likiwa limembeba Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliyekuwa safarini kwenda London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Msomaji wa Taita, ambako hapakuwa na kasri na mambo ya jamii yaliamuliwa na wazee, huenda akauliza: katikiro ni nani?

Alikuwa mkuu wa watumishi wa Kabaka na hakimu wake. Cheo hicho hakikurithiwa. Kabaka ndiye aliyekitoa, na ndiye aliyeweza kukitwaa.

Kagwa alianza chini, akiwa kijana wa kutumwa katika kasri la Kabaka Mwanga. Mwaka wa 1886, Mwanga alipowaua vijana Wakristo, Kagwa alijeruhiwa na mfalme mwenyewe, ila aliachwa hai. Vita vya dini vikafuata, Mwanga akang'olewa, akarudishwa, na mwaka wa 1889 Kagwa akawa Katikiro.

Hapa ndipo penye utata. Mwanga alipowaasi Waingereza mwaka wa 1897, Kagwa hakumfuata. Kiti kilipewa Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, na Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri wakawa walezi wa ufalme. Hao ndio waliotia saini Mkataba wa mwaka wa 1900, uliowatengea machifu na wamiliki wengine wapatao 1,000 ardhi ya maili za mraba 8,000. Kagwa mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopata. Je, mtumishi ana haki gani ya kugawa ardhi kwa jina la bwana ambaye bado ni mtoto mdogo? Mimi siioni. Hata hivyo, mkono huo huo uliotia saini ndio ulioandika kwa Kiganda historia ya wafalme wa Buganda, na bila kazi hiyo tungekuwa maskini zaidi.

Daudi Chwa alipofikia utu uzima mwaka wa 1914, Kagwa alikwisha kuzoea kutawala. Aliyemwangusha hakuwa Kabaka. Alizozana na afisa wa Kiingereza, umri mdogo kuliko wake, juu ya vibali vya pombe! Alijiuzulu mwaka wa 1926, baada ya miaka 37, na mwaka uliofuata akafariki Nairobi, kwenye njia ile ile ya reli.