Parry-Thomas na Gari Lililofukuliwa Mchangani

Miongoni mwa wapenzi wa magari ya kale, wale watu ambao siku nzima ya Jumamosi utawakuta wamelala chini ya injini iliyoundwa kabla babu zao hawajaoa, kuna swali moja ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote tangu mwaka 1969. Je, ni halali gari lililomuua dereva wake, likazikwa kwa heshima, kufukuliwa, kutengenezwa na kuwashwa tena? Gari lenyewe huitwa Babs. Mwenyewe alikuwa John Godfrey Parry-Thomas, mhandisi wa Wales, na swali hilo halijibiki kabla hujamjua alikuwa mtu wa namna gani.

Thomas alizaliwa tarehe 6 Aprili 1884 mjini Wrexham, baba yake akiwa mtumishi wa kanisa. Alikuwa mtoto mdogo bado jamaa yake walipohamia Oswestry, ng'ambo ya pili ya mpaka, upande wa Uingereza, na huko ndiko alikosoma. Baadaye alikwenda London kusomea uhandisi katika chuo cha City and Guilds. Hakuwa mwana wa tajiri, na jambo hili si dogo. Siku zile mashindano ya magari yalikuwa mchezo wa makabaila na watu waliorithi mashamba, watu ambao walinunua gari leo na kulivunja kesho bila kuulizwa na mtu. Thomas aliuingia mchezo huo kwa mlango wa karakana.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa amekwisha kubuni mtambo wa umeme wa kupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Baadaye akawa mhandisi mkuu wa kampuni ya Leyland. Wasomaji wa makamo watalikumbuka jina hilo, kwani ni wangapi kati yetu waliopanda basi la Leyland au kutimuliwa vumbi na lori la Leyland kwenye barabara zetu! Lakini mwaka 1920, katika maonyesho ya magari ya Olympia jijini London, kampuni hiyo ya malori ilitoa gari la kifahari lililowashangaza watu. Liliitwa Leyland Eight, kwa kuwa injini yake ilikuwa na silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, na bei yake ilipita ya Rolls-Royce. Magazeti yalilibandika jina la Simba wa Olympia. Aliyelibuni alikuwa Thomas, akisaidiwa na kijana aitwaye Reid Railton.

Simba huyo hakupata wawindaji. Magari yaliyoundwa hayakutimia 20. Moja la aina hiyo ndilo alimokuwa akisafiri Michael Collins, kiongozi wa Ireland, siku alipouawa kwa risasi huko Béal na Bláth mwezi Agosti 1922. Leo ukitaka kuiona Leyland Eight huna budi kuiendea Uingereza, na hiyo utakayoiona iliungwa mwaka 1929 kutokana na vipuri vilivyobaki.

Thomas alianza kulipeleka gari lake kwenye uwanja wa Brooklands mwaka 1922. Brooklands, karibu na Weybridge katika jimbo la Surrey, ulikuwa uwanja wa kwanza duniani uliojengwa makusudi kwa mbio za magari. Ulifunguliwa mwaka 1907, nao ulikuwa wa saruji, kingo zake zikiinuka kama ubavu wa bakuli. Huko mhandisi wetu alipatwa na ule ugonjwa ambao hauna daktari. Mwaka 1923 aliiacha kazi yake kubwa Leyland, mshahara na heshima zake zote, akahamia ndani ya uwanja wenyewe. Aliishi katika nyumba ndogo pamoja na mbwa wake, hakuoa, na mchana na usiku kazi yake ilikuwa kuchora, kufungua, kufunga na kujaribu. Watu waliozoea kuona madereva waliovaa nadhifu walimkuta bwana mkubwa wa mwili, ndani ya sweta ya sufu yenye marembo ya rangi rangi, mikono imejaa grisi.

Usimwone kama mtu wa kupiga mafuta tu. Leyland yake, gari lililokusudiwa kuwabeba mabwana kwenda dansini, aliligeuza likawa la kuuzunguka uwanja ule kwa zaidi ya maili 125 kwa saa, yaani kilomita 200. Mwezi Julai 1925 alishindana na Ernest Eldridge, wawili peke yao, Eldridge akiwa na Fiat kubwa iliyotiwa injini ya ndege. Eldridge alitangulia. Thomas akamwandama, akampita na kushinda. Wajuzi wa Brooklands wanaihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kuu za uwanja ule, nami sioni sababu ya kubishana nao.

Sasa tufike kwa Babs. Gari hili halikuundwa na Thomas. Liliundwa kwa ajili ya Louis Zborowski, kijana tajiri wa kupindukia aliyeishi Higham, karibu na Canterbury, ambaye alipenda kutia injini za ndege ndani ya magari. Ni yeye aliyekuwa na lile gari la Chitty Bang Bang, ambalo jina lake liliingia katika hadithi ya watoto na hata sinema. Hili jingine lilikuwa na injini ya Liberty ya silinda 12 na ujazo wa lita 27, giaboksi ya Benz, na minyororo miwili ya kuyazungusha magurudumu ya nyuma, kama ya baiskeli ila mikubwa mno. Tarehe 19 Oktoba 1924 Zborowski aliuawa katika mashindano huko Monza, Italia, akiwa na gari jingine. Alikuwa na umri wa miaka 29. Thomas akalinunua dude lile kutoka kwa mali ya marehemu kwa pauni 125.

Msomaji ashike hapo, maana ndipo penye kiini cha maneno yetu. Thomas hakulinunua la marehemu ili aliweke bandani alitazame. Alilifungua lote. Akaipa injini pistoni alizozibuni mwenyewe na kabureta nne, akalishonea bodi mpya ya kukata upepo, akalibadilisha hata jina.

Uwanja wa Brooklands haukutosha kwa mnyama wa namna hiyo. Kwa hiyo Thomas alilipeleka Pendine, kusini mwa Wales, kwenye ufuko wa mchanga mgumu wenye urefu wa maili 7 hivi, ambako Malcolm Campbell alikuwa amekwisha kuweka rekodi za dunia. Mwezi Machi 1926 Henry Segrave alikuwa amefikia maili 152 kwa saa huko Southport. Tarehe 27 Aprili Thomas akafikia 169. Kesho yake akaongeza hadi 171, yaani kilomita 275 kwa saa. Fundi wa karakana, mwenye gari la pauni 125, amewapita watu waliojengewa magari kwa fedha nyingi!

Mwezi Februari 1927 Campbell aliinyakua rekodi hiyo papo hapo Pendine kwa karibu maili 175. Thomas hakungoja. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka katika homa ya mafua, tena hali ya hewa ilikuwa mbaya, lakini tarehe 3 Machi 1927 akaingia garini. Katika moja ya safari zake gari lilikwenda mrama, likapinduka, likateleza mchangani na kushika moto. Thomas alifariki kwa majeraha ya kichwa. Umri wake ulikuwa miaka 42, naye akawa dereva wa kwanza kuuawa katika kuisaka rekodi hiyo ya dunia. Kabla mwezi haujaisha, Segrave alipita maili 200 kwa saa huko Daytona, Marekani.

Thomas alizikwa Byfleet, jirani na uwanja alioupenda. Babs hakurudishwa Brooklands. Rafiki zake walichimba shimo pale pale ufukoni, wakachana viti, wakavunja vioo vya saa, wakalisukumia ndani na kulifunika mchanga. Hawakutaka mtu alichukue na kulionyesha kwa viingilio. Baadaye sehemu hiyo ikawa ndani ya eneo la jeshi, na kila mtu akaamini kwamba mnyororo wa kulia ulikatika, ukaruka na kumpiga Thomas kichwani. Hadithi hiyo ilirudiwa kwa zaidi ya miaka 40 mpaka ikawa kama sheria.

Hapo ndipo alipotokea Owen Wyn Owen, mwalimu wa uhandisi kutoka Bangor, kaskazini mwa Wales, ambaye uraibu wake ulikuwa magari ya kale. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bwana huyu aliinama kweli kweli. Aliomba ruhusa kwa jeshi, akatafuta picha za zamani ili ajue mahali hasa, akachimba mwaka 1969. Gari lilikuwa limelala miaka 42, sawa na umri wa mwenyewe. Palizuka manung'uniko makali. Kuna walioona kwamba hilo ni kaburi, na kaburi halichezewi. Ukumbusho wa mtu umegeuzwa vyuma chakavu, walisema.

Mwandishi huyu anawaheshimu wenye maoni hayo, lakini hakubaliani nao. Kaburi la Thomas liko Byfleet, wala hakuna aliyeligusa. Kilichokuwa mchangani ni mashine, tena mashine ambayo yeye mwenyewe aliichukua kwa marehemu mwingine, akaitengeneza na kuipa uhai wa pili. Owen alimfanyia Thomas yale yale ambayo Thomas alimfanyia Zborowski. Tofauti ni kwamba Thomas alitaka kasi, na Owen alitaka gari liwe kama lilivyokuwa asubuhi ile ya Machi.

Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka 15. Bodi ilikuwa imeliwa na chumvi, lakini vyuma vizito vya ndani vilionekana kuwa na maisha bado. Kila wikiendi palikuwa na boliti ya kulegezwa, kipuri cha kutafutwa au kuundwa upya, na wapenzi wenzake wa magari ya kale walijitolea kwa ushauri, vifaa na mikono. Katika Uingereza watu hao ni jamaa kubwa. Chama chao kimoja, Vintage Sports-Car Club, kilianzishwa mwaka 1934, na hata hapa Nairobi ndugu zao wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1970 kwenye yale maonyesho ya Concours d'Elegance kukaguliana injini na rangi.

Na ufukuaji huo ulileta faida ambayo hata wapinzani hawakuitazamia. Waliolichunguza gari walianza kuitilia shaka hadithi ya mnyororo. Wengi wameelekea kusema kwamba gurudumu la nyuma la upande wa kulia ndilo lililovunjika kwanza, na mnyororo ukafuata. Kwa mhandisi, na Thomas alikuwa mhandisi kabla ya kuwa dereva, si jambo dogo kuondolewa lawama ya kuuawa na minyororo ambayo watu walisema angalikwisha kuitupa.

Owen alifariki mwaka 2012. Babs limekuwa likionyeshwa Pendine, na nyakati nyingine Brooklands, ambako sehemu ya zile kingo za saruji ingali imesimama. Injini ya Liberty imekwisha kuwashwa mara kadhaa mbele ya watu, na waliokuwa karibu wanajua jinsi silinda 12 za lita 27 zinavyonguruma.