Marehemu Sayyid Omar Abdalla (Mwinyi Baraka): Sheikh na Lugha ya Kiingereza



Kila mwaka baadhi yenu hutuuliza: anayesoma dini ana haja gani ya Kiingereza kigumu? Wengine huchelea kwamba lugha hiyo itawatoa katika njia yao. Jibu letu safari hii ni maisha ya mtu wa hapa hapa kwetu.

Marehemu Sayyid Omar Abdalla, mashuhuri kwa jina la Mwinyi Baraka, alikuwa wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, masharifu wenye asili ya Hadharamaut walioenea hadi Komoro na Unguja. Pamoja na elimu ya dini, alisoma Makerere, Uganda, kisha London katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika, na baadaye Oxford. Elimu ya daraja hiyo haitoshi kwa Kiingereza cha sokoni. Inataka neno lenyewe, si jirani yake.

Aliiongoza Muslim Academy ya Zanzibar, na alisomesha dini hata kwa wasiojua Kiarabu wala Kiswahili. Hapo ndipo tuone uzito wa jambo hili. Mwenye maneno machache akiifasiri taqwa kuwa ni "fear" na akaishia hapo, msikilizaji atadhani ni hofu kama ya kumwogopa simba. Kosa la neno moja huwa kosa la maana nzima.

Nasi tufanyeje? Katika sarfu mmejifunza kuwa kitabu, katibu na maktaba vina shina moja. Kiingereza nacho kina koo zake: anayejua "know" atafute "knowledge" na "unknown". Maneno mengine ni ndugu zetu: "monsoon" imetokana na mausim ya Kiarabu, ambayo kwetu ni msimu. Andikeni maneno matano kila wiki, kila moja ndani ya sentensi yenu wenyewe, na muyarejee kama mnavyorejea hifdhi.

Mwinyi Baraka alifariki mwaka 1988. London na Oxford hazikumtoa katika usheikh wake, bali zilimwongezea watu wa kuwafikishia. Basi asiwepo miongoni mwetu anayefanya dini kuwa udhuru wa uvivu.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.