Friedl Dicker-Brandeis: Mwalimu wa Kuchora Kambini

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Friedl Dicker alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1898 katika familia ya Kiyahudi. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na baba yake aliyekuwa mfanyakazi wa duka la karatasi na vifaa vya kuandikia. Alisomea upigaji picha, kisha mwaka 1919 akajiunga na Bauhaus, shule mashuhuri ya sanaa na ubunifu huko Weimar, Ujerumani. Alichora, akabuni vitambaa na samani, na akatengeneza mabango yaliyounganisha picha na maneno kupinga unyonyaji na ufashisti. Mwaka 1934 alikamatwa kwa sababu za kisiasa. Alipoachiwa alihamia Prague, akawafundisha kuchora watoto wa wakimbizi. Mwaka 1936 aliolewa na Pavel Brandeis.

Kumbuka ulichojifunza katika Historia: Wanazi walishika madaraka Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1939 wakaikalia Prague. Wayahudi walifukuzwa kazini, shuleni na hatimaye majumbani mwao. Desemba 1942 Friedl na mumewe walipelekwa Terezín, mji wa ngome uliogeuzwa kuwa kambi. Katika mzigo mdogo alioruhusiwa kubeba, Friedl alitia vifaa vya kuchorea.

Kambini kulikuwa na njaa, maradhi na msongamano. Masomo ya kawaida kwa watoto yalipigwa marufuku, lakini kuchora kulivumiliwa. Friedl akaitumia nafasi hiyo. Karatasi zilikuwa adimu, hivyo watoto walichora nyuma ya fomu za ofisi zilizokwisha kutumika. Wewe unayesoma Ipililo, mkoani Simiyu, ambaye daftari lako limejaa na bado unaandika pembezoni, unajua thamani ya karatasi. Watoto walichora maua, vipepeo na nyumba walizoziacha. Wengine walichora vitanda vya ghorofa walivyolalia.

Zingatia jambo moja. Katika kambi ile watu walisajiliwa kwa namba. Friedl aliwataka watoto waandike majina yao kwenye michoro.

Mwishoni mwa Septemba 1944 Pavel alisafirishwa kwenda Auschwitz. Friedl aliomba kumfuata, akaondoka tarehe 6 Oktoba. Kabla ya safari, michoro ipatayo 4,500 ilifungashwa katika masanduku mawili na kufichwa. Aliuawa Auschwitz tarehe 9 Oktoba 1944, akiwa na miaka 46. Pavel alinusurika. Wengi wa wanafunzi wake waliuawa. Baada ya vita masanduku yale yalifikishwa Prague, na michoro inahifadhiwa katika Makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo. Kwa watoto wengi, jina lile pembeni ya mchoro ni miongoni mwa alama chache walizoacha duniani.

Unapojibu, usiishie kusema kwamba Friedl aliteswa na kuuawa. Mtahini anataka uoneshe alichofanya na sababu za kukifanya.

Maswali
1. Taja kazi tatu za sanaa alizofanya Friedl kabla ya kupelekwa Terezín.
2. Kwa nini ilikuwa muhimu watoto waandike majina yao? Toa hoja mbili.
3. Fupisha aya inayoanza na neno "Kambini" kwa maneno yasiyozidi 35.