Kabla ya kuwa mfalme wa homurani, Babe Ruth alikuwa kinda hatari wa kurusha mpira

Ukimtajia shabiki wa besiboli jina la Babe Ruth, cha kwanza kumtoka mdomoni ni homurani 714. Sawa, ni kweli. Lakini Boston Red Sox hawakumnunua kwa sababu ya kupiga. Walimnunua arushe mpira, na kwenye kazi hiyo dogo alikuwa balaa.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji wa timu pinzani mwenye gongo. Kazi yake ni kumkosesha. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, na siku mrushaji akiamka vibaya, timu nzima inaumia.

George Herman Ruth alizaliwa Februari 6, 1895, mjini Baltimore, Marekani. Baba yake aliendesha baa. Katika watoto wanane wa familia hiyo walipona wawili tu, yeye na mdogo wake wa kike, Mamie. Mwenyewe aliamini amezaliwa 1894, na ukweli aliujua mwaka 1934 alipoomba pasipoti, akiwa tayari mtu maarufu dunia nzima.

Juni 1902, akiwa na miaka saba, wazazi walimpeleka St. Mary's, shule ya wavulana iliyoendeshwa na mabruda wa Kikatoliki. Ilichukua yatima na watoto walioshindikana nyumbani. Ruth hakuwa yatima. Alitolewa akarudishwa mara kadhaa, na sehemu kubwa ya utoto wake ikaishia humo, akijifunza kushona mashati.

Humo ndani alikutana na Bruda Matthias, mtu wa miraba minne aliyesimamia nidhamu. Huyu ndiye aliyemfundisha mchezo, na Ruth alimheshimu maisha yake yote kuliko mtu mwingine yeyote. Vifaa vilikuwa vya kubahatisha. Ruth alitumia mkono wa kushoto, lakini glavu zilizokuwepo zilikuwa za watu wa kulia, kwa hiyo alidaka kwa kushoto, akaivua glavu haraka, akarusha kwa mkono uleule. Jaribu nyumbani uone.

Februari 1914 Jack Dunn, mmiliki wa Baltimore Orioles, timu ya ligi ya chini enzi hizo, alimsajili kwa dola 600 za msimu. Kwa kuwa kijana alikuwa bado chini ya uangalizi wa shule, Dunn alilazimika kuwa mlezi wake kisheria. Kambini Fayetteville, North Carolina, wachezaji wakubwa walipomwona kijana mrefu anamfuata bosi huku na kule, wakamwita mtoto wa Dunn. Neno hilo la utani, Babe, likamganda hadi kaburini.

Orioles walikuwa vizuri uwanjani ila mfukoni hali mbaya. Ligi mpya ya Federal ilikuwa imeweka timu yake Baltimore, na uwanja wake ulikuwa ng'ambo ya barabara tu. Mashabiki wakahamia huko. Dunn akaanza kuuza wachezaji ili aokoe timu, na Julai, Ruth akapigwa bei kwenda Boston pamoja na mrushaji Ernie Shore na mdakaji Ben Egan.

Julai 11, 1914, akiwa na miaka 19, alianza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu kwenye uwanja wa Fenway Park, dhidi ya Cleveland. Boston wakashinda 4-3 na ushindi ukaandikwa kwa jina lake. Miezi mitano tu nyuma alikuwa bado kwenye geti la shule.

Ila mambo hayakunyooka hapohapo. Timu ilikuwa na warushaji wengi wazuri, kinda akakaa benchi, na Agosti akashushwa kwenda Providence, ligi ya chini. Huko akawasaidia kutwaa ubingwa, kisha akarudi Boston msimu ukielekea ukingoni. Oktoba akamuoa Helen Woodford, mhudumu wa mgahawa aliyekutana naye Boston.

Mwaka 1915 ndipo alipowaka. Alishinda mechi 18 na kupoteza 8. Mei 6, dhidi ya Yankees, alipiga pia homurani yake ya kwanza ya ligi kuu, lile pigo linalomruhusu mpigaji kuzunguka besi zote nne. Boston wakatwaa ubingwa kwenye Fainali ya Dunia, lakini kocha Bill Carrigan hakumpa nafasi ya kurusha hata zamu moja. Aliingizwa mara moja tu kupiga, akatolewa. Kwa mtu aliyeshinda mechi 18, hilo lazima liliuma.

Msimu uliofuata alijibu kwa namba. Ushindi 23, na wastani wa kuruhusu pointi 1.75 kwa kila zamu tisa, bora kuliko mrushaji yeyote wa ligi ya American mwaka ule. Katika mechi 9 wapinzani hawakuambulia kitu. Na katika zaidi ya zamu 320, hakuna aliyempiga homurani hata moja. Walter Johnson wa Washington ndiye aliyekuwa mwamba wa enzi zile, lakini Agosti 1916 walikutana na Ruth akashinda 1-0 baada ya zamu 13.

Oktoba 9, 1916, safari hii kocha akamwamini. Ilikuwa mechi ya pili ya fainali dhidi ya timu ya Brooklyn. Zamu ya kwanza tu Hi Myers akamfunga kwa homurani ya mbio, mpira haukutoka hata nje ya uwanja. Baada ya hapo Ruth akafunga duka. Alirusha zamu 13 nyingine bila kuruhusu pointi, na Boston wakashinda 2-1 katika zamu ya 14. Alikuwa na miaka 21.

Tabia nayo ilikuwa na lake. Juni 23, 1917, mpigaji wa kwanza wa Washington alipewa besi ya bure baada ya mipira minne kuhesabiwa mibovu. Ruth akamvaa mwamuzi Brick Owens, akatolewa nje, naye akamrukia kwa ngumi. Alifungiwa na kutozwa faini ya dola 100. Shore akaingia badala yake, yule wa besi ya kwanza akanaswa akijaribu kuiba besi, kisha Shore akawatoa wapigaji 26 mfululizo. Ruth alimaliza mwaka huo na ushindi 24.

Mwaka 1918 vita vilichukua wachezaji wengi, na kocha mpya Ed Barrow akaanza kumtumia Ruth kama mpigaji siku ambazo harushi. Ruth akanogewa na kupiga, kurusha akaanza kukuona mzigo. Julai wakagombana hadi akaondoka kambini kwa siku chache. Agosti baba yake alifariki baada ya kuanguka na kugonga kichwa kwenye ugomvi nje ya baa yake.

Chini ya wiki mbili baadaye, Ruth alikuwa Chicago akirusha mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Cubs. Alishinda 1-0. Akashinda na ya nne, 3-2. Ukijumlisha na zile za 1916, alikuwa amerusha zamu 29 na theluthi mbili mfululizo za fainali bila kufungwa pointi.

Mwaka 1919 akapiga homurani 29, rekodi mpya, na mjadala wa mkono au gongo ukaisha. Desemba, mmiliki wa Boston, Harry Frazee, akamuuza kwa Yankees kwa dola 100,000. Boston hawakuonja tena ubingwa hadi 2004.

Yankees walimtumia kurusha mechi tano tu katika miaka 15, na zote alishinda. Ya mwisho ilikuwa Oktoba 1, 1933, dhidi ya Boston wenyewe. Akiwa na miaka 38 alirusha zamu zote tisa, akashinda 6-5, na akapiga homurani juu yake.

Alifariki kwa saratani Agosti 16, 1948, akiwa na miaka 53. Rekodi yake ya fainali ilidumu hadi 1961, ilipovunjwa na Whitey Ford, mrushaji wa Yankees. Wiki hiyohiyo dunia ilikuwa bize na Roger Maris, aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi yake nyingine, ile ya homurani 60 kwa msimu.