Miezi Sita ya Mwalimu Mjini Edinburgh

Ndugu zangu mliosoma hapa, na ninyi vijana mliomo madarasani sasa,

Mhariri aliponiomba niandike habari za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere nilisita kidogo. Habari zake zimeandikwa mno, na kila mtoto wa Mara anazijua tangu darasa la kwanza: Butiama, TANU, Uhuru. Lakini kipo kipande kimoja kisichosemwa sana, nami nilikikumbuka katika mkutano wetu uliopita nilipokaa na kijana mmoja aliyemaliza shule hapa. Kijana huyo alipata nafasi ya kusoma ng'ambo. Alipofika akaambiwa hawezi kuingia mwaka wa kwanza mpaka apitie masomo ya matayarisho. Akaona haya. Nyumbani alichinjiwa ng'ombe, wazee wakambariki, kisha huko anarudishwa nyuma kama aliyefeli! Baada ya miezi minne alikuwa amekwisharudi Kerende, na hapendi kuulizwa. Hasa kwa ajili yake nasimulia mambo ya mwaka 1949.

Butiama si mbali nasi; ukivuka Mto Mara umekwisha karibia nchi ya Wazanaki. Huko ndiko Kambarage alikozaliwa mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito na mama Mugaya. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye ana umri wa miaka 12, umri ambao wengine siku hizi wanakaribia kumaliza shule ya msingi. Kutoka hapo akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha Biolojia na masomo mengine katika shule ya wamisionari ya St. Mary's. Mkuu wa shule hiyo, Padre Richard Walsh, alimhimiza aendelee na masomo ya juu, na serikali ya kikoloni ikampa msaada wa masomo.

Basi Aprili 1949 alipanda ndege Dar es Salaam hadi Southampton, na kutoka London akachukua gari moshi mpaka Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Mtazameni mtu huyo anaposhuka stesheni. Ana miaka 27. Ni mwalimu mwenye stashahada ya Makerere, anaitwa mwalimu na watu wazima. Ameacha mchumba, Maria Gabriel, na nyuma yake uko ukoo mzima unaomtegemea. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Edinburgh kilikuwa bado hakijampokea. Ilimpasa kwanza asome kozi fupi ya Kemia na Fizikia, tena afanye mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vya Scotland. Mtihani wa Kiingereza! Mtu ambaye baadaye alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya kwanza ikatoka mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969, alikalishwa kitini athibitishe kwamba lugha hiyo anaijua.

Alikaa katika nyumba waliyowekewa wanafunzi kutoka makoloni, katika mtaa wa Grange, kusini ya mji. Miaka mingi baadaye mimi mwenyewe nilipata bahati ya kupita huko, nikatembea kwa miguu kutoka Grange hadi chuoni. Ni mwendo wa dakika ishirini hivi. Unakata uwanja mpana wa nyasi uitwao Meadows, nyasi nzuri ajabu, wala sikuona ng'ombe hata mmoja. Mkurya akipita pale lazima aumie moyo. Ukiendelea mbele unaiona ngome ya kale juu ya jabali, na kila siku isipokuwa Jumapili, saa saba mchana kamili, mzinga hupigwa hapo watu wasahihishe saa zao. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861. Mgeni asiyeambiwa mapema hushtuka na kuinama, kama nilivyofanya mimi mbele ya watu.

Chini ya ngome iko barabara kuu ya maduka, Princes Street, na katika bustani yake imesimama tangu mwaka 1876 sanamu ya David Livingstone. Mtu atokaye Tabora hawezi kuipita bila kugeuka, kwa kuwa Livingstone aliishi Kwihara, karibu na Tabora, na maiti yake ilibebwa na Waafrika kupitia huko huko hadi Bagamoyo. Mji wa mbali namna ile, na hapo katikati yake amesimama mtu wa habari za nyumbani.

Tena Uingereza ya mwaka 1949 haikuwa nchi ya neema kama vijana wanavyodhani. Vita ilikuwa imekwisha miaka minne tu. Nyama, sukari na chai bado viligawiwa kwa kadi, kila mtu kwa kipimo chake. Sisi tuliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukimnung'unikia Mwalimu chini chini, hatukufikiri kwamba yeye naye alikwisha kuishi kwa kadi ugenini.

Halafu ni jua. Mwezi Juni huko linazama karibu saa nne usiku. Desemba linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kutoweka kabla ya saa kumi jioni. Aliyezaliwa karibu na Ikweta, anayejua kwamba saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili mwaka mzima, hupotewa hata na hamu ya kula. Na mwaka huo katika Scotland nzima walikuwapo wanafunzi Waafrika wawili tu kutoka makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, Nyerere akiwa mmoja wao. Marafiki aliwapata kwa Wanigeria na watu wa visiwa vya Karibi, na kwa Waskochi wenyewe darasani.

Oktoba 1949 akapokewa, lakini katika Kitivo cha Sanaa. Aliyeanza na Kemia na Fizikia sasa alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi na elimu ya mila za watu. Baadaye historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kushangaza. Alifaulu masomo yote, basi. Hilo nalitaja makusudi, maana wako wazazi wanaowapiga watoto kwa kutokuwa wa kwanza, huku wakimtaja Mwalimu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni la viazi. Wakati wa likizo alikwenda na wanafunzi wenzake kwenye shamba moja huko Wales, wakaokota viazi. Msomi wa Makerere, mtoto wa mtemi, ameinama shambani kwa Mzungu! Hapa kwetu wako waliorudi na cheti kimoja tu wakakataa kushika jembe la baba yao.

Mwaka 1951 aliandika pamoja na Mtanganyika mwenzake, John Keto, makala katika gazeti la wanafunzi kupinga mipango ya shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Julai 1952 akapata digrii yake, na Oktoba akarudi nyumbani. Alipofika Butiama alianza kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na Januari 1953 akafunga ndoa na Maria, aliyekuwa amemngoja muda wote huo.

Kijana wangu niliyemtaja mwanzoni, nimesikia chuo kile bado kinapokea maombi hadi mwisho wa mwezi wa sita. Fomu ninayo nyumbani. Njoo uichukue, wala sitakuuliza neno.